ZAKA YA NUSU EKA: SOMO TULILOLIPATA MIGORI NA HOMA BAY



Katika darasa letu tulipoufikia mlango wa zaka ya nafaka, tuliona ya kuwa wengi wetu tunaijua vyema zaka ya fedha na ya bidhaa za dukani, lakini zaka ya mazao tunaisoma kana kwamba ni khabari ya watu waliokwisha pita. Wala si ajabu. Sisi ni watu wa mijini. Unga twaununua, mchele twaununua, na hata nazi, ambayo mti wake umesimama nyuma ya nyumba zetu, aghlabu twainunua kwa mtu mwingine. Basi tukaazimia kuutazama mlango huu kwa jicho la mkulima mwenyewe, na tukachagua nchi iliyo mbali nasi, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa: Migori na Homa Bay, kando ya ziwa la Victoria. Sababu ya kuchagua huko itadhihirika mbele.

Lakini kwanza hapana budi tuseme neno juu ya jembe. Katika miji ya pwani yetu jembe lilidharauliwa zamani, na dharau hiyo ina asili yake, nayo si dini. Mashamba ya minazi, mikarafuu na mtama yalilimwa na watumwa, na hata baada ya utumwa kufutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, yalibaki mawazo ya kuwa kulima si kazi ya muungwana. Watu wakaona bora kuuza shamba kuliko kulilima, na wajukuu wao leo ni wapangaji katika ardhi iliyokuwa ya babu zao. Wako pia wanaoishika hadithi ya Abu Umama (R.A.) iliyomo katika Sahihi Bukhari, inayotaja chombo cha kulimia kuingia nyumbani mwa watu pamoja na unyonge, wakaifanya hoja dhidi ya kilimo chote. Laiti wangelisoma na kichwa cha mlango alioiweka Imamu Bukhari! Yeye aliiweka katika kuonya juu ya mwenye kushughulika na kilimo mpaka akapita mpaka alioamrishwa. Na katika kitabu icho hicho imo hadithi ya kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kila atakachokula ndege, mtu au mnyama huandikiwa yeye kuwa ni sadaka. Tena ni thabiti ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa Khaibari mashamba wayalime kwa nusu ya mazao. Dini yenye milango ya ushirika wa kulima, ya kuhuisha ardhi iliyokufa na ya ushuri wa mavuno, yawezaje kuwa imemdharau mkulima?

Sasa tuje kwenye nchi yenyewe. Migori na Homa Bay ni kaunti mbili za kusini ya Nyanza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436, wengi wao Wajaluo, na katika Migori wako pia Wakuria na wengineo. Walio wengi ni Wakristo. Hata hivyo Uislamu si mgeni huko: Kendu Bay, mji wa bandari ya ziwa, una Waislamu wa tangu zamani na misikiti yao, na kutoka sehemu hizo ndiko alikotoka Mzee Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani. Sisi wa pwani tunaijua nchi hiyo kwa dagaa zake, wanaoitwa omena, na si kwa jambo jingine kubwa.

Umasikini wa huko hauna sababu moja. Mashamba yamegawanywa baina ya warithi kizazi baada ya kizazi, mpaka mtu anabaki na eka moja au nusu yake. Maradhi ya ukimwi, ambayo Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizopatwa zaidi katika Kenya nzima, yameacha nyumba nyingi mikononi mwa wajane na mabibi wazee wenye kulea mayatima. Mvua ni mbili kwa mwaka, ya masika na ya vuli, na ile ya vuli, khasa karibu na ziwa, haiaminiki. Tena kuna mazao ya biashara. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Sony, kilichoundwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa mwaka 1979. Muwa hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na muda wote huo mwenye eka moja aliyeipanda yote miwa hana pa kung'oa hata kiazi. Uriri, Kuria na kwengineko katika Migori watu walilima tumbaku kwa mikataba: mbegu, mbolea na dawa hukopeshwa mkulima, kisha hukatwa siku ya malipo, na wako waliorudi nyumbani siku hiyo bila ya kitu. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, na miti ikaisha. Jani lake bichi likiwa na umande hupenyeza sumu katika ngozi ya mchumaji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika, na wachumaji wengine ni watoto.

Juu ya tumbaku maulamaa wetu wamekhitalifiana, wengine wakasema ni haramu na wengine makuruhu, na hapa si mahali pa kuufungua mjadala huo. Ila yafaa kujua ya kuwa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya kilimo na ya chakula, pamoja na Serikali ya Kenya, yaliuanzisha Migori mradi wa kuwatoa wakulima katika tumbaku na kuwapandisha maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na Shirika la Chakula likawatafutia soko. Tarehe 31 Mei 2023, siku inayofanywa duniani kuwaonya watu na tumbaku, mwito ulikuwa ni chakula badala ya tumbaku. Sisi tunasema: soko ndilo lililofanya kazi hapo. Mawaidha mkulima alikwisha kuyasikia zamani.

Lakini adui mkubwa wa mahindi katika nchi hiyo ni mdogo kwa umbo. Adui wa kwanza ni gugu liitwalo kiduha, na Wajaluo huliita kayongo. Lina maua mazuri ya zambarau, na mgeni akiliona shambani huenda akalistaajabia. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu, na mbegu hizo hulala udongoni miaka mingi, hata 20. Mzizi wa hindi ukipita karibu hutoa maji yake, na maji hayo ndiyo yanayoiamsha mbegu. Ikiamka hujishikiza kwenye mzizi na kunyonya, hata mahindi yakadumaa na kugeuka manjano kabla gugu lenyewe halijachomoza juu ya ardhi. Mkulima anapoliona, madhara yamekwisha fanyika. Na kadiri ardhi inavyochoka ndivyo kiduha linavyonawiri. Adui wa pili ni funza wa mabua, watoto wa nondo arukaye usiku, ambao huingia ndani ya bua na kulila kiini.

Dawa za viwandani zipo, lakini mwenye nusu eka ataipata wapi bei yake kila msimu? Dawa iliyomfaa ilitafutwa Mbita, katika Homa Bay hiyo hiyo, kwenye kituo cha ufukweni mwa ziwa cha taasisi ya wadudu iitwayo ICIPE. Taasisi hii iliasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwanachuoni wa Kikenya aliyefariki mwaka 2003. Katika miaka ya 1990 Profesa Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na chuo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Serikali ya Kenya, walichunguza ni majani gani nondo huyo huyapenda na yepi huyakimbia. Matokeo yake ni ulimaji unaoitwa Vuta Sukuma, na kazi yake ni kama ifuatavyo.

Pembezoni mwa shamba, pande zote, hupandwa mistari mitatu ya majani ya nepia, ambayo wengine huyaita mabingobingo. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa mmea mfupi wa jamii ya kunde, utambaao, uitwao desimodiamu. Harufu ya desimodiamu humchukiza nondo, akasukumwa nje ya mahindi. Harufu ya nepia humvuta, akaenda kutaga huko. Na funza wanapoanguliwa na kujaribu kutoboa bua la nepia, bua hutoa utomvu wa kunata unaowazuia, na wengi wao hufa. Hapana sumu iliyonyunyizwa wala fedha iliyolipwa.

Ama kiduha, khabari yake ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa haikutafutwa. Desimodiamu ililetwa shambani kwa ajili ya nondo na kwa ajili ya kuwa chakula cha ng'ombe. Watafiti wakaona ya kuwa palipo na mmea huo kiduha hakioti. Walipochunguza wakakuta ya kuwa mizizi yake hutoa vitu viwili: kimoja huiamsha mbegu ya kiduha, na kingine huizuia isijishikize kwenye mzizi wa hindi. Basi mbegu huamka, haina pa kunyonya, ikafa. Kila msimu akiba ya mbegu iliyolala udongoni hupungua. Pamoja na hayo mmea huo, kama zilivyo kunde, hutia udongoni naitrojeni itokayo hewani, huifunika ardhi isikauke, na huizuia isichukuliwe na mvua. Na hupandwa mara moja tu. Ukitunzwa hudumu miaka, kazi ikabaki kuupogoa mahindi yakiwa machanga ili usiyapande. Baada ya mwaka 2017, alipoingia Kenya kiwavi jeshi kutoka Marekani, ilionekana ya kuwa mashamba yaliyolimwa hivi, khasa yale yaliyopandwa aina zistahimilizo ukame, yalikuwa na viwavi wachache sana kuliko mashamba ya jirani.

Majani ya nepia na desimodiamu hukatwa yakalishwa ng'ombe au mbuzi wa maziwa aliyefungwa zizini. Maziwa hunywewa na watoto na mengine huuzwa. Samadi hurudi shambani. Nusu eka imekuwa shamba la nafaka, malisho na kiwanda cha mbolea kwa pamoja.

Hatusemi ya kuwa njia hii haina taabu. Mbegu ya desimodiamu ni ghali na si kila duka huiuza, ingawa mwenye shamba aweza kumkatia jirani vikonyo akavipanda. Msimu wa kwanza palizi yake ni nzito, kwani mche wa desimodiamu ukiwa mdogo hufanana na magugu na huliwa nayo. Nepia yenyewe katika magharibi ya Kenya imepatwa na ugonjwa wa kudumaa. Na mwenye kukodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda mmea wa miaka mingi katika ardhi atakayonyang'anywa kesho. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na haliondoshwi na mbegu. Huondoshwa na haki ya ardhi, na khasa haki ya mjane juu ya shamba alilolilima kwa mikono yake.

Sasa turudi kwenye kitabu cha zaka, na tufanye hesabu. Nisabu ya nafaka ni wasaki 5, nazo kwa vipimo vya leo ni takriban kilo 650. Mavuno ya mahindi katika mashamba yaliyoshikwa na kiduha na funza yamekuwa tani 1 kwa hekta au chini yake. Katika mashamba ya Vuta Sukuma yaliyotunzwa vyema yamefika tani 3 na nusu. Mwenye nusu eka, basi, akivuna kwa kipimo cha kwanza hupata kama kilo 200, yaani magunia mawili na kidogo. Hata tukimjumlishia mavuno ya masika na ya vuli, kama wasemavyo wanazuoni wetu wa Kishafi kuwa mazao ya jinsi moja yanayovunwa ndani ya mwaka mmoja hujumlishwa, atafika kilo 400. Huyu ni fakiri, na haki yake ni kupewa. Nusu eka ile ile ikitoa kwa kipimo cha pili, mavuno ya msimu mmoja ni kama kilo 700. Amepita nisabu. Kwa kuwa shamba lake lanyweshwa na mvua, itampasa kutoa ushuri, yaani sehemu moja katika kumi, nazo ni kilo 70, pungufu ya gunia moja la kilo 90. Angelikuwa analinywesha kwa gharama zake, kwa mashine na mafuta, ingelimlazimu nusu ya ushuri tu.

Zingatia, ewe msomaji, kilichotokea hapa. Mtu huyu hakuhama wala hakurithi, naye amevuka kutoka safu ya wenye kupokea mpaka safu ya wenye kutoa.

Twauliza basi: zaka zetu zinamfanya fakiri avuke, au zinamrudisha foleni ile ile kila mwaka? Katika Minhaji ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), kitabu kisomwacho katika kila darasa la pwani, kauli aliyoisahihisha imamu ni kwamba fakiri hupewa kitakachomtosheleza umri wa kawaida wa mtu, kwa kununuliwa mali itakayomletea pato. Na wanazuoni wa madhehebu yetu wakafafanua ya kuwa mwenye kazi ya mikono hununuliwa vyombo vya kazi yake, hata vikiwa vya thamani. Mkulima vyombo vyake ni jembe, mbegu na mbuzi. Tumeisoma mas'ala hii miaka na miaka, na kila Ramadhani tunagawa mfuko wa unga, kilo mbili za sukari na chupa ya mafuta, wengine pamoja na kupiga picha. Hatuukatazi mfuko wa unga. Mwenye njaa leo hawezi kungoja mavuno. Lakini mkulima aliyepewa mfuko huo miaka kumi mfululizo, naye ana nusu eka, amedhulumiwa na wale waliomsaidia.

Huenda mtu akauliza: je, yajuzu kuzipeleka zaka za Mombasa au Lamu mpaka Migori? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa zaka haihamishwi ikiwa katika mji wako wenye kuistahiki, na maulamaa wengine wamejuzisha pakiwa na haja kubwa zaidi. Nasi hatuoni haja ya kuingia katika khitilafu hiyo, kwani wenye kuistahiki wapo mlangoni petu, Kwale na Kilifi. Funza wa mabua waliingia mashamba ya pwani pia, na ni pwani hii hii ambapo mwaka 1993 watafiti wa ICIPE walimwachia nyigu mdogo aliyetoka Pakistani ili awaangamize funza hao. Elimu ya Mbita yaweza kuletwa Msambweni na Malindi, na zaka ikabaki hapa hapa. Sadaka ya hiari, nayo, haina mpaka wa mji, wala haikatazwi kupewa jirani asiyekuwa Mwislamu. Aya ya nane ya Sura ya Mumtahina imekwisha bainisha ruhusa ya kuwatendea wema wasiotupiga vita.

Mwenye mali asiyewajibika zaka, au aliyekwisha itoa, anao mlango mwingine: biashara ya salamu. Madalali hulinunua shamba la mahindi likiwa bichi, kwa bei ya shida ya mkulima; na kuuza mazao kabla hayajadhihirika kufaa kumekatazwa. Salamu ni kumlipa mkulima thamani yote siku ya mkataba, kwa kiasi kinachojulikana, sifa inayojulikana na muda unaojulikana, bila ya kulifunga deni kwenye shamba moja maalumu. Mkulima hupata fedha ya mbegu pasina riba, na mnunuzi hupata nafaka yake kwa halali.

Na wako kwetu wanaofukia fingo shambani ili wadudu wasiingie, na wanaozungusha ng'ombe mjini ili mvua inyeshe. Fedha za ng'ombe huyo mmoja zingelinunua mbegu za desimodiamu za mashamba mengi, na mvua iombwe kama alivyoiomba Mtume (S.A.W.), kwa sala na istighfari.

Lililobaki ni wakati. Katika miaka hii Ramadhani huangukia kabla ya masika: mwaka 2025 ilikuwa Machi, na mwaka 2026 ni Februari na Machi. Nepia yapasa iwe ardhini kabla ya mahindi, na mbegu ya desimodiamu iwe mkononi kabla ya mvua ya kwanza. Zaka itakayokusanywa na kutolewa mapema katika Ramadhani humfikia mkulima wakati anaoihitaji. Ikingojea usiku wa Idi, humkuta amekwisha panda kama alivyopanda mwaka jana. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, nafasi hii itaondoka punde.